Huduma ya diwani Mwanza: nyota tatu, na vyoo ndiyo kipimo

Diwani ni huduma ya miaka mitano ambayo wengi wanaipima kwa kitu kisicho chake: lami. Barabara za mitaa, iwe Igoma au Kirumba, zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Maji ya bomba ni ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, mfuko wa jimbo ni wa mbunge. Huko anaweza kupiga kelele tu, saini hana. Hata barua ya utambulisho inatoka serikali ya mtaa, kwa hiyo usimvizie alfajiri ukitafuta muhuri.

Chake ni uenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Chukua vyoo vya shule ya msingi: kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20, na 1 kwa wavulana 25. Wasichana 600 wanahitaji matundu 30. Ombi la "tunaomba vyoo" halifiki mbali. Andika "yapo 12, yamepungua 18". Lianzie mkutano wa mtaa, liingie kwenye muhtasari wa kikao cha kamati ya kata, mtendaji wa kata ambaye ndiye katibu alipeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kamati za halmashauri, mwisho baraza la madiwani. Lisipoandikwa, diwani hata akiunguruma barazani atajibiwa kwamba "limepokelewa", yaani limelala.

Kinachoharibu zaidi ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Kata inayoamka Aprili inakuta sufuria limeshaepuliwa. Diwani aliyechaguliwa Oktoba 2025 alirithi bajeti ya 2025/26, yake ya kwanza ni 2026/27. Ndiyo maana mwaka wa kwanza hata mchapakazi huonekana mvivu.

Akipanda kuwa meya, kata inapata sauti ila inamkosa mtu: vikao na wageni vinammaliza. Hapo mtafuteni diwani wa viti maalumu, ambaye watu humsahau ilhali kura yake barazani ni sawa na ya mwenzake.

Kabla ya kumpa nyota, omba kuona mihtasari ya kata ya mwaka mzima, usome kipengele cha yatokanayo, yaani yaliyofuatiliwa tangu kikao kilichopita. Choo kilekile kikirudi kila kikao bila tarehe wala jina la mhusika, nyota moja inatosha.