Intaneti ya nyumbani hapa Columbus: kasi ya kuridhisha, onyo lisilo na mahali pa kujibu

Kampuni inayotuletea intaneti hapa Columbus, Ohio, nina miaka miwili nayo na sitaitaja jina. Kwa kazi yake ya msingi sina ugomvi nayo: kwa dola 65 kwa mwezi tunapata megabiti 300 kwa sekunde, fundi alifika siku aliyoahidi, na hata theluji ikianguka sana simu za video za Mombasa hazikatiki. Ninachotaka kueleza ni namna inavyomshughulikia mteja anayetuhumiwa uharamia wa mtandaoni, jambo ambalo halimo katika matangazo yake bali limo katika mkataba, ambao mimi, kama wengi wetu, niliutia sahihi bila kuusoma.

Asubuhi moja ya Jumatatu mwezi Februari nilifungua kompyuta nikakuta ukurasa wa kampuni umefunika kila kitu. Ulieleza kwamba filamu fulani imepakuliwa na kusambazwa kwa BitTorrent, njia ya watu kugawiana mafaili mtandaoni, kupitia anwani ya IP ya nyumba yangu, yaani namba inayoitambulisha laini yetu mtandaoni, saa 01:47 UTC (saa ya kimataifa) ya Jumapili. Nikapiga hesabu: kwetu ilikuwa Jumamosi usiku, saa mbili na dakika arobaini na saba, tukiwa na wageni zaidi ya ishirini katika akika ya mpwa wangu, na neno la siri la Wi-Fi limebandikwa kwenye mlango wa friji. Chini ya ukurasa palikuwa na kitufe kimoja tu, cha kukiri kwamba onyo limenifikia, na pasipo kukibonyeza intaneti hairudi. Cha kusema "si mimi" hakikuwepo.

Nilipiga simu, nikangoja dakika 40. Kijana aliyepokea alikuwa mpole, ila kila swali lilipata jibu lile lile, kwamba akaunti ni yangu na dhamana ni yangu. Nilipomwomba anitajie kifaa kilichohusika, akakubali kwamba kwao nyumba nzima huonekana kama anwani moja, simu za wageni na runinga yangu zikiwa kapu moja.

Hofu ya kampuni naielewa. Sheria ya Marekani ya hakimiliki ya kidijitali ya 1998 huwakinga watoa huduma wasidaiwe fidia kwa makosa ya wateja wao, kwa sharti kwamba wawe na utaratibu wa kuwakatia wakosaji sugu, lakini haikusema ni baada ya makosa mangapi mtu anakuwa sugu. Desemba 2019, katika kesi iliyofunguliwa na Sony na kampuni nyingine za muziki, jopo la raia waamuzi (jury) katika mahakama huko Virginia liliiamuru Cox Communications, kampuni nyingine ya intaneti, ilipe dola bilioni 1 kwa kazi 10,017 zilizonakiliwa na wateja wake. Kilichoiponza ni kwamba ilikuwa imewakatia wateja 32 tu kwa sababu ya hakimiliki, ilhali waliokatiwa kwa kutolipa bili katika kipindi hicho walizidi laki sita. Februari 2024 mahakama ya rufaa ilikifuta kiasi hicho cha fidia, ikabakiza uamuzi kwamba Cox ilichangia kosa, na shauri likasonga hadi Mahakama ya Juu.

Aliyeona rungu hilo likimshukia jirani yake hawezi kukaa kimya, kwa hiyo siilaumu kampuni yangu kwa kutuma onyo. Nailaumu kwa kuipokea tuhuma iliyookotwa na programu ya kampuni iliyokodiwa na wenye hakimiliki, kisha kuifikisha kwangu kama hukumu, katika nyumba ambamo watoto hufanyia kazi za shule kwa laini hiyo hiyo. Mharamia mzoefu, naye, hujificha nyuma ya VPN, huduma inayoficha anwani yake halisi, na maonyo haya hayamfikii.

Wiki mbili baadaye niligundua kwamba programu yao ya simu huorodhesha kila kifaa kilichounganishwa na ruta, na humruhusu mteja kukizima kimoja kimoja. Ilinichukua dakika tano. Ukurasa ule wa onyo, kwa urefu wake wote, haukuitaja. Kwa kasi nawapa nyota nne. Kwa jinsi wanavyomsikiliza mteja aliyetuhumiwa, moja.