Bamba la "6061" lililonila biti tatu

Biti tatu, vile vyuma vya kuchongea vinavyozunguka kwenye mashine. Zote za jino moja, kipenyo milimita 3, na zote zimevunjikia kwenye bamba moja la alumini ambalo muuzaji aliliandika kwa kalamu ya wino mzito: 6061-T6. Mimi nikaamini mwandiko wa mkono.

Nilikuwa nachonga viungo vya mkono mdogo wa roboti, kitu cha kubeba mota bila kupinda na bila chenyewe kuwa mzigo. Kila mwenye ruta ya CNC ya mezani, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, huambiwa jambo hilo hilo: tafuta 6061. Na ni kweli, sibishi. 6061 ni alumini iliyochanganywa na magnesi na silikoni, na T6 maana yake imepashwa moto, ikapozwa ghafla, kisha ikakomazwa tena kwa joto la chini. Ugumu huo ndio unaofanya chenga zikatike na kuruka. Alumini laini haikatiki, inajipaka.

Yangu ilijipaka. Dakika ya pili tu mvumo uligeuka kilio, na nilipozima mashine nikakuta mfereji wa biti umejaa alumini iliyoganda kama nta ya mshumaa. Nikajilaumu mwenyewe. Nikapunguza kina kutoka milimita 0.5 hadi 0.2, nikashusha spindo, mota inayozungusha biti, kutoka mizunguko 18,000 kwa dakika hadi 12,000, nikapulizia spiriti. Pa! Ya pili hiyo. Ya tatu niliivunja kwa ubishi wangu, hilo nakiri.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu zote. Jibu: "Bosi, hiyo mashine yako ni ya watoto kuchezea. Wenye mashine za kweli hawalalamiki."

Hawalalamiki! Nikakata ukanda mwembamba wa bamba lake, nikaukunja kwa koleo mpaka ncha zikagusana. Ukalala kama mkanda wa ngozi, hata ufa haukuonekana. 6061-T6 halisi ukiikunja kona kali namna hiyo inapasuka. Nikampigia picha, nikamtumia. Tiki mbili za buluu, kimya.

Kwa hasira nikahamia plastiki ya asetali, ile wengi wanayoiita Delrin. Jamani! Maranda meupe yanamwagika yenyewe, hakuna kupulizia chochote, kingo zinatoka safi kama zimepigwa msasa. Uzito wake ni kama gramu 1.4 kwa sentimita moja ya ujazo, alumini ni 2.7. Siku hiyo nilitangaza kwa kila aliyenisikiliza kwamba mimi na alumini basi.

Kisha nikafunga mota. Mkono ukainama taratibu kama mtu anayesinzia. Alumini inazidi asetali kwa ukakamavu zaidi ya mara 20, jambo nililolijua kabisa ila hasira zilinisahaulisha. Nikataka kuunganisha vipande viwili niongeze unene. Gundi ikabanduka kama ganda. Asetali haishiki gundi, labda uifunge kwa skrubu. Kwa gia na bushi sitaki kingine. Kwa mkono mrefu, hapana.

Juzi juzi nikapata kipande cha 6061 chenye chapa ya kiwandani iliyopigwa urefu mzima. Biti mpya, mashine ile ile ya watoto, kina kile kile cha 0.5. Chenga fupi zinazong'aa zikaruka mpaka zikaniingia kwenye mikono ya shati. Nikasimama pale nacheka peke yangu.

Kwa hiyo 6061 naipa nyota zote tano, na lile bamba sifuri. Au basi, moja: kwa kuwa linakunjika vizuri mno, nimelitengenezea kifuniko cha boksi la umeme la mashine, na kimekaa vyema. Muuzaji ndiye sifuri. Nimeacha ule mwandiko wake wa "6061-T6" upande wa nje.