Gilda kwenye Blu-ray: nimeitazama kwa jicho la fundi

Mimi ni fundi wa magauni ya sendofu na harusi, si mtu wa sinema. Diski hii ya Gilda, filamu ya Marekani ya 1946, nimeinunua kwa ajili ya gauni moja na dakika chache tu kati ya 110: Rita Hayworth, mwigizaji anayecheza kama Gilda, anacheza ngoma peke yake mbele ya wanaume, kavaa satini nyeusi, mabega wazi, glavu ndefu kupita viwiko, na gauni halishuki. Miaka mingi nimekuwa nikikiangalia kipande hicho kwenye simu, kimejaa ukungu, satini na kivuli vyote doa moja.

Toleo ni la Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa upya filamu za zamani, la 2016; bei ya kasha ilikuwa dola 39.95. Mpwa wangu anayeishi Marekani alivizia siku za nusu bei. Kosa likawa langu, sikusoma nyuma ya kasha: diski za Blu-ray hugawiwa kwa maeneo ya dunia, na hii imefungiwa kanda A, ya Marekani, nasi huku Afrika tumo kanda B, kwa hiyo mashine zetu haziisomi. Ikakaa kabatini miezi miwili mpaka alipokuja likizo na mashine ya kwao. Unayetaka kuagiza, uliza kanda kwanza.

Haya, picha. Imesafishwa, imetulia, na weusi wa satini sasa una tabaka. Mwanga unateleza kutoka kifuani hadi pajani kwenye mpasuo na unauona unavyokatika kiunoni palipofungwa lile fundo kubwa. Nikasimamisha pale aliponyanyua mikono yote miwili juu. Kila fundi analijua balaa hili. Mikono ikipanda, mwili unapanda, gauni la mabega wazi linabaki chini. Mikono ikishuka, bibi harusi anaanza kulivuta mbele za watu. Kwa Gilda ukingo wa juu haukusogea hata upana wa uzi. Nimerudisha mara sita. Binti ninayemfundisha kazi akaniuliza kama limegandishwa kwa gundi.

Si gundi. Jean Louis, mbunifu wa Columbia, studio iliyoitengeneza filamu, aliyelibuni gauni hili, alieleza mwenyewe baadaye kwamba ndani mlikuwa na mikanda kama ile anayofungwa farasi. Chini ya matiti alipitisha utepe mgumu, akaweka mifupa mitatu (vile vijiti vigumu vya kusimamisha gauni), mmoja katikati na miwili ubavuni, kisha akalainisha plastiki kwenye moto wa gesi na kuikunja ifuate ukingo wa juu wa gauni. Kwa hiyo mwanamke unayemwona anayumba kama hana habari na mtu amebebwa na mifupa na plastiki. Na lile fundo la kiunoni, inasemekana lina kazi yake pia: Rita alikuwa amejifungua binti Desemba 1944, na filamu ikapigwa mwishoni mwa 1945. Mama yeyote atanielewa.

Nasema haya kwa uchungu. Gauni langu la kwanza la mabega wazi lilitoka kwa sendofu pale Diamond Jubilee, Upanga. Niliweka lastiki tu. Usiku kucha yule binti alicheza kwa mkono mmoja, wa pili kashikilia kifua, na hata kwenye picha za keki mkono uko palepale. (Ukumbi ule una jina la jubilii ya almasi ya Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, aliyepimwa uzito kwa almasi hapa Dar es Salaam mwaka 1946, mwaka uleule Gilda ilipotoka. Miaka mitatu baadaye Rita akaolewa na mwanawe, Aly Khan. Naipenda sana habari hii na wateja wangu wamechoka kuisikia.)

Ukishaelewa ndani ya gauni, unaanza kumtazama Rita mwenyewe vingine. Alizaliwa Margarita Carmen Cansino, Brooklyn, 1918, baba mcheza dansi Mhispania. Alipokuwa binti mdogo akicheza na babake, nywele zilitiwa weusi aonekane Mhispania zaidi. Hollywood wakaona Uhispania umezidi: wakampa jina la ukoo la mamake, wakazitia nywele wekundu, na ule mstari wa nywele kwenye paji la uso wakausogeza nyuma kwa umeme, shina moja baada ya jingine. Mimi nikimng'oa mteja nyusi mbili tu analia. Na ajabu, filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, huo wekundu huuoni. Hata sauti inayoimba si yake, ni ya Anita Ellis. Mwaka 1946 picha yake ikabandikwa kwenye bomu la atomiki la majaribio kule visiwa vya Bikini, bahari ya Pasifiki, bila ridhaa yake, na alikasirika sana.

Ziada za diski: maelezo ya sauti ya marehemu Richard Schickel, mhakiki wa filamu, nimesikiliza nusu saa nikarudi kwenye nguo. Kipindi cha televisheni cha 1964 kuhusu maisha ya Rita kinafaa zaidi. Maandishi ya chini ni Kiingereza tu. Hadithi yenyewe, kasino la Buenos Aires, mume tajiri, mpenzi wa zamani, ni sawa tu, ingawa kile kibao anachopigwa baada ya ngoma bado kinaniudhi.

Thamani ya pesa? Kwangu ndiyo, imenilipa. Wiki iliyopita nimejaribu njia ya Jean Louis kwenye gauni la mteja, satini ya Kariakoo. Plastiki ya kwanza niliiunguza kwenye jiko la gesi, nyumba ikanuka mpaka jirani akagonga mlango. Ya pili ikakubali. Mifupa mitatu, utepe, bitana mbili. Mteja akaja kupima, nikamwambia nyanyua mikono, cheza. Akacheza. Halikusogea! Nikajiona Columbia nzima. Kisha akajaribu kuketi, akasimama haraka.

"Anti, sasa pilau nitalila saa ngapi?"

Nikakumbuka kwamba kwenye ngoma ile Gilda haketi hata mara moja. Tukautoa mfupa wa katikati.