Neno la mteja: ulikomeshe au ulifanyie kazi?

Ukiuza mahamri na mbaazi Majengo, Mombasa, utaambiwa tu: "Dada, mahamri yako yanakunywa mafuta." Hapo una njia mbili.

Ya kwanza ni kuwakomesha wasemaji. Unakwenda Biashara Street, unanunua leso yenye jina la kuchoma, yaani maandishi ya kuwasuta, unajifunga, na kila alfajiri unaamka na hasira ya kuwaonyesha. Nguvu hiyo ipo kweli, siibezi. Imewatoa wengi kitandani. Ila wasemaji wakinyamaza nawe unalegea, na mahamri bado yanachuruzika.

Ya pili, ninayoichagua bila kusita, ni kulivua neno tusi ukabaki na habari, hata msemaji awe jirani mwenye husuda. Hamri hunywa mafuta yasipopata moto wa kutosha. Basi tia kidonge cha unga uliokandwa kwenye mafuta: kikizama kikatulia chini, subiri, kikipanda upesi na povu, anza kuchoma. Wakisema iliki haisikiki, isage siku hiyohiyo, usitie ya wiki jana. Keshokutwa mteja yuleyule ataongeza mawili.

Anayesema "huyu hafiki popote" hana habari ya kukupa. Huyo mpite.