Valletta na Mama anayeumwa magoti: lifti ya euro 1 ndiyo iliyotunusuru

Mwezi wa tano nilimpeleka Mama Malta siku sita, tukakaa Valletta kwenyewe, mji mkuu. Mama anaumwa magoti, kwa hiyo naandika hasa kwa anayesafiri na mzee.

Mji huu ulianza kujengwa 1566 juu ya ulimi wa mwamba ulioingia baharini, bandari huku na bandari huku. Republic Street inapita juu mgongoni, kutembea hapo hakusumbui. Lakini ukikata tu kulia au kushoto ni mteremko, na vichochoro vingine ni ngazi tupu za mawe. Kosa langu lilikuwa chumba. Nilikilipia mtandaoni kwa kutazama picha. Kufika, ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Mama alipanda mkono ukutani, akipumzika kila baada ya ngazi tano, mimi nyuma na mabegi. Roho iliniuma. Kabla hujalipa, muulize mwenye nyumba mawili: lifti ipo? Na kutoka mlangoni hadi Republic Street kuna ngazi?

Kilichotunusuru ni lifti ya Barrakka. Iko kwenye bustani ya Upper Barrakka na inashuka mita 58 hadi bandarini. Tulilipa euro 1 kila mmoja, kwenda na kurudi. Mwenye tiketi ya feri hupanda bure. Chini unavuka barabara tu, unaikuta feri ya kwenda Bormla, mji wa ng'ambo ya bandari. Mama ni mtu wa Likoni, Mombasa, kuvuka maji ndiyo maisha yake. Alikaa mbele kabisa, mtandio unapepea, akakataa kushuka. Tulivuka mara nne siku hiyo. Feri ya Sliema, mji mwingine wa ng'ambo, inatua upande wa pili wa mji, na kutoka hapo ni mlima mtupu, tuliiacha.

Saa sita mchana mzinga hupigwa chini ya bustani hiyo. Wahi nafasi ukutani.

Waislamu, ulizeni kabla ya kula pastizzi, vitafunio vya Kimalta vya unga vyenye jibini au njegere ndani, maana kiasili hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Sisi tulikula mkate wa nyanya, jodari na mafuta ya zeituni. Muuzaji alipotuhesabia chenji, "erbgħa, ħamsa, sitta", Mama akadakia, "Sita!" Wakacheka wote wawili. Kimalta kina asili ya Kiarabu, na Kiingereza nacho ni lugha rasmi, hatukupata taabu.

Soketi ni za pini tatu kama za kwetu, magari yanapita kushoto, basi la X4 linatoka uwanja wa ndege hadi lango la mji. Viza ni ya Schengen.

Kanisa la St John halifungui kwa watalii Jumapili, na viatu vya visigino vyembamba haviruhusiwi. Humo mna mchoro wa Mwitaliano Caravaggio wa 1608, Nabii Yahya akikatwa kichwa. Tazama damu iliyomwagika chini: mchoraji ameandika jina lake humo humo. Mama ndiye aliyeliona kwanza.