Darasa la chigongi ya kusimama na kungfu ya ndani, Shangani, Mtwara: tathmini ya mwanafunzi

Kwa wakazi wa Mtwara mjini wanaotafuta mazoezi ya afya yasiyokuwa kukimbia barabarani wala kunyanyua vyuma, kuna darasa dogo la chigongi ya kusimama (mazoezi ya Kichina ya mkao na pumzi, yanayofanywa bila kusogea) na kungfu ya ndani (mitindo ya mapigano ya Kichina inayotegemea ulegevu na umbo la mwili kuliko nguvu za misuli) linalofanyika Shangani, si mbali na ufukwe, kwenye uwanja wa mchanga ulioshindiliwa wenye kivuli cha miti. Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi kwa vipindi vitatu vya asubuhi kila wiki, na anayetaka kuonja kwanza hulipa shilingi 3,000 kwa kipindi kimoja. Nimehudhuria tangu kumalizika kwa msimu uliopita wa korosho, muda unaonitosha kusema kinachofanyika vizuri pale na kinachohitaji kurekebishwa. Hukumu yangu naitoa mapema: ada hiyo inastahili kulipwa, na sababu kubwa ni mpangilio wa masomo, kwa kuwa mwalimu hafundishi kusimama leo na kungfu kesho kana kwamba ni vitu viwili visivyojuana, bali kila anachokidai kwa mwanafunzi aliyesimama hukidai tena anapoanza kutembea.

Kipindi huanza saa kumi na mbili na robo asubuhi na kwisha saa moja na nusu. Hutangulia kulegeza viungo, kuanzia vifundo vya miguu hadi shingo, kisha hufuata kusimama, kisha taichi, ambao ni mtindo wa kungfu ya ndani wenye miondoko ya polepole, na mwisho mazoezi manane ya kale ya Kichina yaitwayo Baduanjini, ambayo ni mepesi na hayahitaji maelezo marefu. Moyo wa darasa ni sehemu ya pili.

Mwanafunzi husimama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, vidole vikielekea mbele, magoti yamekunjwa kidogo tu, nyonga zimelegea na mkia wa uti wa mgongo umeachwa uning'inie kuelekea chini, huku utosi ukiinuka juu. Mikono huinuliwa mbele ya kifua na kuviringwa kama ya mtu aliyekumbatia shina la mnazi, viwiko vikiwa chini ya usawa wa mabega, na pumzi huachwa ipite puani kwa mwendo wake wa kawaida. Hakuna kingine. Mtazamaji anayepita barabarani huona watu wazima wamesimama kimya wakitazama mbele, na wapo waliotuuliza kama tunasubiri gari. Lakini baada ya dakika chache mapaja huanza kutetemeka, mabega hupanda yenyewe kuelekea masikioni, na mtu hugundua ni misuli mingapi aliyokuwa akiikaza bila sababu kwa ajili ya kazi ndogo ya kusimama tu. Kazi ya zoezi ni hiyo: kuiachia misuli isiyohitajika mmojammoja, hadi uzito ushuke kwa njia ya mifupa na kutua kwenye nyayo.

Hapa ndipo mwalimu anapostahili sifa. Wanaoanza huwapa dakika tano, wala hawaongezei mpaka aone mabega yameshuka, na wale wa zamani huwafikisha dakika ishirini. Hupita nyuma ya kila mtu na kurekebisha jambo moja tu kwa kila mzunguko, jambo ambalo walimu wengi wa mazoezi hawaliwezi, kwa kuwa humwagia mwanafunzi makosa yake yote kwa pamoja. Kwa wanawake, marekebisho ya kugusa hufanywa na mwanafunzi mwandamizi wa kike, na akina mama wengi wa darasani wamesema kwamba bila utaratibu huo wasingebaki. Mwalimu husisitiza mambo mawili yanayohusu usalama. La kwanza ni kutoyafunga magoti, kwani anayesimama muda mrefu akiwa ameyakaza kabisa huacha damu ikusanyike miguuni na huweza kupata kizunguzungu, jambo linalowaangusha hata askari vijana kwenye gwaride. La pili ni kutobana pumzi, kwani kukaza misuli huku pumzi imezuiwa hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla, na katika umri wa wengi wetu hilo si jambo la mzaha.

Swali ambalo kila mgeni huuliza ni kwa nini ajifunze kupigana ikiwa anataka afya tu, au kwa nini asimame kama nguzo ikiwa anataka kungfu. Jibu la darasa hili lina mizizi katika historia yenyewe ya sanaa hizi. Wang Xiangzhai, aliyezaliwa mwaka 1885 na kufariki mwaka 1963, alilelewa katika mtindo wa shingyi, mmoja wa mitindo ya kungfu ya ndani, na katika miaka ya 1920 akaanzisha mtindo wake mwenyewe, yichuani, ambamo aliziacha karibu mifuatano yote ya mapigo iliyokaririwa na kukiweka kisimamo kuwa msingi wa kila kitu. Hoja yake ilikuwa kwamba mpiganaji asiyeweza kuwa na umbo moja, lililoungana kuanzia nyayo hadi ncha za vidole, akiwa ametulia, hataweza kuwa nalo akiwa anasogea na kusukumwa. Baadaye kisimamo hichohicho alikifundisha pia kama zoezi la afya. Kwa hiyo kuunganisha mambo haya mawili si ubunifu wa Shangani, na mwalimu wetu hajidai kuwa ameubuni.

Manufaa ya muungano huo huonekana taichi inapoanza. Darasa linatumia mfuatano mfupi wa miondoko 24 uliotungwa na mamlaka ya michezo ya China mwaka 1956 kutokana na mtindo wa Yang, mmoja wa mitindo ya taichi, mfuatano ambao mtu akiujua huumaliza kwa dakika tano au sita. Nimewahi kuuona ukifundishwa kwingine kama mchezo wa mikono: mwanafunzi anakariri mkono huu uende wapi na ule uende wapi, na baada ya miezi michache anaucheza wote bila kujua uzito wake uko mguu gani. Shangani hufundishwa mwondoko mmoja au miwili tu kwa mwezi, na kila mmoja husimamishwa katikati. Unapokuwa umehamishia uzito wote mguu wa kulia na wa kushoto umekuwa mtupu, mwalimu husema simama, na hapo unakaa kwa pumzi kadhaa ukitafuta mambo yaleyale uliyoyatafuta mwanzo wa kipindi: goti halijapita vidole, nyonga imelegea, bega limeshuka. Ni kazi ngumu kuliko inavyosimuliwa. Hata hivyo ndiyo inayoimarisha mguu mmoja kubeba mwili mzima polepole na kwa udhibiti, uwezo ambao mzee huuhitaji anaposhuka bajajini au anapovuka mtaro usiku.

Niseme jambo moja nililolitazama kwa furaha. Vijana waliotoka kwenye karate hufika wakiwa na nguvu na nidhamu, lakini viuno vyao ni vigumu na huchelewa kuelewa kwamba mkono unaongozwa na kiuno. Kinamama wa makamo waliokulia kwenye ngoma, hasa waliowahi kucheza sindimba, hulipata jambo hilo ndani ya wiki chache, kwa sababu magoti yaliyokunjwa na kiuno kinachotangulia mikono si habari mpya kwao. Mwalimu ameliona hilo na sasa huwapanga hao mbele.

Mitindo mingine miwili ya ndani hupewa nafasi ndogo. Ya bagua hufundishwa kutembea katika duara tu, na kwa magoti yenye matatizo ningeshauri duara liwe pana na mkao uwe wa juu, kwani kule kukunja mguu kila hatua kunalichosha goti. Ya shingyi hufundishwa mkao wake wa msingi, ambao nao ni wa kusimama, uzito mwingi ukiwa mguu wa nyuma, na ngumi ya kwanza kati ya tano. Inatosha kwa mtu wa afya. Haimtoshi anayetaka kupigana, na hapa nina lalamiko la kweli: zoezi la kusukumana mikono, ambamo wawili hugusana na kila mmoja hujaribu kuuhisi na kuuvunja mhimili wa mwenzake, hufanyika mara chache mno. Bila zoezi hilo mwanafunzi hana namna ya kujua kama umbo analoliona zuri akiwa peke yake linahimili shinikizo la mtu mwingine. Wazee nao wangefaidika, kwa kuwa kusukumwa kidogo katika mazingira salama ni mafunzo mazuri ya kutoanguka.

Lalamiko la pili ni zito zaidi, nalo linahusu maneno. Mwalimu huyu, ambaye kwa vitendo ni mwangalifu sana, hubadilika anapoanza kuzungumzia chi, ile nguvu ya uhai ambayo kwa mapokeo ya Kichina husemwa kuwa hupita mwilini. Wapo wagonjwa wa kisukari na wa presha darasani, na nimemsikia akiwaambia kwamba chi ikishafunguka magonjwa hayo huondoka yenyewe. Kauli hiyo ni hatari, kwani inaweza kumfanya mtu aache dawa zake. Wala haihitajiki, kwa kuwa kuna mambo yaliyopimwa ambayo angeweza kuyasema bila kuona haya. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la wagonjwa 195 wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na ugumu wa kutembea, ambamo waliofanya taichi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 walipata usawa bora wa mwili kuliko waliofanya mazoezi ya uzito au ya kunyoosha viungo. Mwaka 2016 jaribio jingine la watu 204 wenye maumivu ya goti lililochakaa lilionesha kwamba wiki 12 za taichi ziliwasaidia kwa kiwango kinachofanana na tiba ya viungo. Kuhusu presha, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023, uliojumlisha majaribio 270, uliyapa mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea nafasi ya kwanza katika kuishusha. Mazoezi yaliyopimwa humo, hata hivyo, yalikuwa makali zaidi, kama vile kukaa bila kiti mgongo ukiwa ukutani, kwa hiyo matokeo yake hayawezi kuhamishwa moja kwa moja kwenye kisimamo chetu cha upole. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosema dawa ziachwe. Mwenye kisukari au presha aje, lakini aendelee na kliniki yake kama kawaida.

Wapo pia waliouliza kama mazoezi haya yana ibada ndani yake, na katika mji wetu swali hilo ni la haki. Sijaona picha inayosujudiwa, uvumba, wala dua ya aina yoyote, na kusalimiana mwanzo na mwisho ni kwa kukutanisha ngumi na kiganja tu. Katika mwezi wa Ramadhani kipindi cha asubuhi husogezwa hadi baada ya tarawehe na kufupishwa, na muda wa kusimama hupunguzwa.

Mazingira yenyewe yanahitaji maandalizi. Asubuhi wakati wa upepo wa kusi ni raha tupu, lakini kaskazi inapoingia joto na unyevu huwa vikali mapema, na jua likishapanda kivuli kilichopo hakiwatoshi wote. Kipindi cha nyongeza cha jioni, ambacho hulipiwa kando, sikipendekezi, kwa sababu mtu aliyeagizwa asisogee kwa robo saa wakati wa magharibi huwa karamu ya mbu, na malaria huku kwetu haijaisha. Ukilazimika kwenda jioni, vaa mikono mirefu na upake dawa ya kufukuza mbu. Hakuna choo cha darasa wala maji ya kunywa, na kwa ada ile nadhani ndoo ya maji yenye bomba isingekuwa gharama kubwa. Viatu vinavyofaa ni vyenye soli bapa na nyembamba, na raba za kukimbilia zenye kisigino kinene humsukuma mtu mbele na kumvurugia mkao. Akina mama wengi huvaa dera lenye suruali ndani, na hakuna anayelazimishwa sare.

Jambo la mwisho ni mahudhurio. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza, nusu ya darasa huelekea mashambani Tandahimba, Newala na Masasi, na mwalimu huendelea kudai ada kamili kwa asiyeaga. Ukijua kwamba utakwenda shamba, mwambie mapema, maana anayeaga hulipia vipindi alivyohudhuria tu. Kwa anayeanza, miezi inayofaa zaidi ni Juni na Julai, wakati asubuhi zina ubaridi kidogo na wanafunzi wapya hupangwa pamoja. Nenda kwa kipindi kimoja cha kuonja kwanza, na kama una goti au mgongo wenye historia, mweleze mwalimu kabla ya kusimama kwenye mstari, kwa kuwa haulizi mwenyewe.