Baiskeli ya kutembelea Dar: soma namba ya tairi kabla hujauliza bei

Meseji ninazopata kuhusu baiskeli siku hizi zinafanana mno. Dada, nilinunua Mjapani, yaani baiskeli ya mtumba ya Japani, safi kabisa, nikaipenda, tairi la nyuma limeisha, nimezunguka Kariakoo nzima sipati la kubadilisha. Mmoja yuko Mbagala, mwingine Kigamboni anavuka na pantoni kila siku, mwingine Tabata, kilio kile kile. Kwa kweli inaniuma, maana hao ni watu walioamua kuachana na kubanana kwenye daladala, wakatoa hela yao, na sasa baiskeli imefungwa kwenye nguzo uani inaota kutu.

Kwa hiyo leo siongelei rangi wala idadi ya giya, hayo muuzaji atakwambia hata usipomuuliza. Naongelea ile namba ndogo ubavuni mwa tairi. Inama uisome. Utakuta kitu kama 37-590 au 40-635: ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia, na hiyo ya pili ndo inaamua kama utapata spea mtaani kwako au hupati. Sisi tumezoea kusema "ishirini na sita" basi, yaani inchi, tukifika dukani tunapewa ishirini na sita, wakati mjini hapa zipo za aina mbili. Ile ya mauntenibaiki inaandikwa kwa nukta, 26 x 1.95 au 26 x 2.10, na rimu yake ni 559. Ile ya Kijapani inaandikwa kwa sehemu, 26 x 1 3/8, na rimu yake ni 590. Hapo kuna tofauti ya milimita 31, fundi avute avutavyo halikai. Ishirini na nane nayo ina mtego wake: ya Phoenix ni 28 x 1 1/2, yaani 635, lakini mtumba mwingi wa Ulaya ulioandikwa 28 ni 622, rimu tofauti kabisa.

Sasa nazipanga baiskeli zenyewe, kuanzia ninayoipendelea zaidi.

Ya kwanza ni Phoenix, ile nyeusi ya 28 yenye breki za vyuma (zinavutwa kwa fimbo za chuma, sio waya), na naipendelea waziwazi. Inatoka Shanghai lakini vipimo vyake ni vya Raleigh za zamani za Nottingham, na Wahindi wa Ludhiana wanaotengeneza Hero na Avon walifuata vipimo hivyohivyo, ndo maana tairi, tyubu, spoku, kotapini (ile pini inayoshika mkono wa pedeli), gololi, vyote vinaingiliana na vyote utavikuta vinaning'inia kwa fundi chini ya mwembe. Angalia wanaoishi kwa baiskeli mjini hapa, wanaosambaza mikate alfajiri, wanaotoa samaki Feri, wanaoshusha mkaa kutoka Kisarawe, wengi wao wamekalia ishirini na nane. Mtu ambaye baiskeli ikilala na hela ya kula imelala hachagui kwa kubahatisha. Na pale kwa fundi ndo utajua nani anauza keria imara, nani ana tyubu la kukuazima mpaka jioni, barabara gani imechimbwa, ule mtandao wote umejengwa juu ya baiskeli zinazofanana.

Ni nzito, kilo 20 na zaidi, na kupandisha Kimara utashuka usukume. Breki za vyuma wakati wa masika zinashika kwa kuchelewa kwa sababu rimu ya chuma ikilowa inateleza, kwa hiyo anza kubana mapema, usisubiri ufike kwenye zebra. Kotapini ikilegea utasikia pedeli inagonga kila mzunguko, peleka siku hiyohiyo ikagongwe au ibadilishwe, ukiendelea nayo itakula mkono wa pedeli na hapo gharama inapanda. Ukiishi karibu na bahari pangusa chumvi na utie oili kwenye cheni mara kwa mara. Halafu sio kila iliyoandikwa Phoenix ndo hiyo, kampuni inatengeneza na za giya na za watoto, soma tairi, ukiona 635 umefika.

Ya pili ni mtumba wa Kijapani, lakini wa 590 peke yake. Kwa dada anayevaa gauni au baibui hii ni raha, fremu imeshuka, cheni ina kifuniko, ina kikapu, taa ya dinamo, stendi ya miguu miwili, na kufuli la duara kwenye tairi la nyuma (dai ufunguo wake palepale, nyingi zinafika bila ufunguo). Nyingine bado zina stika ya usajili wa polisi wa Japani kwenye fremu. Tatizo ni zile za 27. Zinaandikwa 27 x 1 3/8 na rimu yake ni 609, saizi ya Wajapani wenyewe, duka la spea la kawaida huku halina, na wenye hizo za 27 ndo karibu wote wanaonitumia meseji. Kama umeipenda sana ya 27, nunua na matairi mawili ya akiba siku hiyohiyo kwa muuzaji huyohuyo, akisema hana basi ujue na wewe hutayapata. Za 590 nazo usisubiri tairi litoboke kitambaa, likianza kuonyesha nyuzi anza kutafuta.

Ya tatu ni mauntenibaiki ya mtumba ya 559. Tairi zipo tele, kwenye mchanga wa Kigamboni na Mbagala inatembea vizuri kuliko zote. Ila nyingi hazina madigadi wala keria, na zile shokapu za mbele zinakuja zimeshaganda kwa kutu, unabeba uzito wa bure.

Za mwisho, zile mpya za bei rahisi zenye giya nyingi. Giya zinapoteza mstari mapema na pedeli ni plastiki. Hela hiyo ongezea usogee kwenye mtumba.

Na wauzaji jamani. Nilimuuliza mmoja namba ya rimu akanijibu "dada, tairi ni tairi". Huyo anauza baiskeli kila siku! Wengine wakikosa tairi la 590 wanachomeka gurudumu zima la 559 kwenye fremu ya Kijapani na hawasemi, utaligundua kwenye breki za mipira, ile mipira itakuwa inagusa tairi au inapiga hewa badala ya kubana rimu, kwa hiyo bana breki zote mbili ukiwa umeinama unaangalia. Bei hazijabandikwa, nikienda mimi naambiwa yangu, akienda kaka yangu anaambiwa yake, baiskeli ile ile asubuhi ile ile. Wanawake tunaotaka kuendesha mji huu tuna vikwazo vya kutosha, njia za baiskeli zilizokuja na mwendokasi Barabara ya Morogoro mwaka 2016 zimejaa bodaboda zilizopaki na meza za biashara, unashuka pembeni kwenye vichupa na kokoto, matairi yanakwisha haraka, UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar, wameshaipigia kelele miaka na miaka habari ya njia, halafu na dukani tena tupigwe bei.

Kabla hujalipa mpigie fundi wa mtaani kwako, msomee namba iliyo kwenye tairi, muulize kama analo hilo leo, sio kama anaweza kulitafuta. Kwenye risiti muuzaji aandike namba ya fremu na saizi ya rimu kwa mkono wake. Akigoma kuandika, nenda duka linalofuata.